Hadithi ya Walinzi Niliyoiacha Nusu

Kamalondo, Jumamosi alasiri

Amisi mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka masikioni mpaka leo: komeo la dirisha la chuma likiingia mahali pake. Klak. Halafu ndara za Kambo yako, mama yangu, zikiburuta kwenye sementi, halafu dirisha la pili. Klak. Alifanya hivyo kila jioni ya Juni ule, jua likiwa bado juu ya mapaa, kwa sababu baridi ya Juni huteremka mapema na ndani ya nyumba kulikuwa na mgonjwa. Mtu mwingine akikumbuka ugonjwa wa baba yako atakusimulia kikohozi. Mimi nasikia madirisha.

Umekwenda kuaga rafiki zako. Kambo amejilaza, nimesikia pumzi yake ikibadilika. Mkoba wako uko mlangoni, umefungwa tayari, na nyumba ina ule utulivu wa siku ya kabla ya safari, wakati vitu vyote vinaonekana kama vinamtazama mtu. Nje maua ya jakaranda yanaanguka juu ya gari la jirani, na hakuna anayeyafagia.

Mambo ya shuka na sabuni sitakuandikia, Kambo ameyamaliza. Wala sitakueleza gari gani la Kambove kwa baba yako upande ukifika Likasi. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilonijibu mezani juma lililopita. Nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa natafuta jibu, na majibu yangu huja polepole, kama picha inavyokuja kwenye hadubini: kwanza ukungu wa buluu tu, kisha unazungusha kidogo, unazungusha tena, vitu vinaanza kupata kingo.

Nianze na Juni ule.

Ulikuwa unamaliza shule ya msingi. Baba yako alirudi kutoka Kambove juu ya gari la makaa, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Alikuwa amechimba shaba huko tangu kabla hujazaliwa, kwenye mashimo yale ya wachimbaji wa mikono ambayo mtu hushuka kwa kamba. Kila alipokuja nyumbani alikuwa na mfuko wa unga begani na vumbi la kijani kwenye nyusi, na wewe ulikuwa unapenda kulifuta kwa kidole. Safari hiyo hakuja na kitu. Aliketi kwenye kiti cha Kambo akasema, "Mama, nimekuja kupumuzika kidogo tu," na sentensi hiyo fupi aliikata katikati ili avute hewa.

Mimi ndiye niliyepima makohozi yake. Sijui kama uliwahi kuambiwa. Nilikuwa mgeni kwenye maabara, bado natembea na madaftari ya chuo kikuu mkobani, na sikutaka mtu mwingine apime. Ukiyapaka makohozi rangi zake, vijidudu vya kifua kikuu hushika wekundu na kila kitu kingine kinabaki buluu. Ni vijiti vyembamba, vimepinda kidogo, vimelala viwili viwili kama watu waliochoka. Ni vizuri kutazama, Amisi. Niliuona uzuri wao kwanza, na baadaye kidogo tu ndipo nilipokumbuka kwamba nilikuwa ninatazama kifua cha mume wangu.

Nilirudi nyumbani na jina la ugonjwa. Kambo alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni, akachukua kikombe kimoja cha bati, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio.

"Hiki njo cha Ramazani," akasema. "Mutu asikiguse. Na sahani yake vile vile."

"Mama, hii magonjwa haipitake mu kikombe. Inapita mu hewa. Afazali tufungue madirisha."

"Kufungua madirisha? Mu hii baridi? Weye unataka kumuua bwana yako?"

"Mama, nilisoma hii kintu."

"Na miye nililea batoto mbele weye ujue kusoma. Enda ufunge na ile ya chumba."

Nikaenda nikaifunga. Kwa hiyo zile klak ninazozisikia, nyingine zilikuwa za mkono wangu. Nyumba ilikuwa ya mama yangu, mume wangu alikuwa anaumwa chini ya paa la mkwe wake, jambo ambalo lilimtia haya kuliko kikohozi chenyewe, na mimi sikutaka kuongeza ugomvi. Hivyo tulikaa majuma mengi: mbabula, lile jiko la makaa, imewekwa kizingitini, hewa moja nzito ikizunguka kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine, na juu ya kabati kikombe chenye uzi kimesimama peke yake. Tulikilinda kikombe. Hewa tuligawana.

Wewe hukukubali kulala kwingine. Ulitandika mkeka wako karibu na kitanda chake, na ukigombezwa ulijifanya hujasikia. Jioni moja nilikuja kukufunika, nikakuta macho yako yako wazi.

"Mama, ile kintu inamukula Papa, itanikula na miye?"

Hapo ndipo hadithi ilipoanza. Nilijilaza mkekani, nikaweka sikio kifuani kwako, nikakuambia nawasikia walinzi.

Nadhani unaikumbuka vizuri, lakini niache niiandike tena, kwa sababu leo nataka kuifikisha mahali ambapo sikuifikisha. Nilikuambia kwamba chini kabisa ya mapafu, kwenye vifuko vya hewa vilivyo vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, wanakaa walinzi wakubwa, wapole, wasio na haraka. Ni seli za mwili wako mwenyewe. Kazi yao ni kutembea na kumeza. Wanameza moshi wa mbabula, wanameza vumbi la barabara ya Ruashi, wanameza kila kijidudu kinachopotea njia. Kijidudu cha kifua kikuu kikiingia, mlinzi anakimeza vile vile. Ila hiki kimevaa koti la nta. Ndani ya tumbo la mlinzi hakifi. Kinazuia tindikali isimwagwe, kinajikunja pale penye joto, kinaanza kula na kuzaa. Mlinzi anatembea huku na huku bila kujua kwamba amekuwa nyumba ya mwizi.

"Halafu?" ukauliza.

Halafu habari inasafiri mpaka kwenye tezi, na huko wanafundishwa wajumbe. Hawa ni wadogo, wanachukua muda kufika, lakini wakifika wanajua hasa wanamtafuta nani. Mjumbe anamgusa mlinzi, anamnong'oneza. Na mlinzi aliyenong'onezwa habaki kama alivyokuwa. Upole unamtoka. Anakinyima kijidudu madini ya chuma, maana bila chuma hakiwezi kuzaa. Anamwaga ile tindikali iliyokuwa imezuiwa. Na mwisho anavuta shaba. Mwili wa kila mtu una shaba kidogo, inatoka kwenye maharage, kwenye karanga. Mlinzi anaikusanya, anaijaza kwenye kifuko kidogo cha tumboni mwake alimofungiwa mwizi, anamtia sumu.

Hapo ulikaa kitako.

"Shaba? Ile ya Papa?"

"Ile ile."

"Papa!" ukaita. "Papa, uko na shaba ndani!"

Na kutoka kitandani, kwa ile sauti yake iliyokuwa imebaki nusu, akakujibu, "Basi bauzishe miye kwa kilo." Tulicheka watatu. Kambo akapiga ukuta kutoka chumba cha pili, akisema mgonjwa hachekeshwi.

Siku zilizofuata uliitaka hadithi hiyo kila mara, nami niliipamba. Nilikuambia kwamba walinzi wakishindwa kumuua mwizi wanajipanga mduara kumzunguka, bega kwa bega, tabaka juu ya tabaka, mpaka yeye aliye katikati anakosa hewa, anakosa chakula, analala. Mtu anaweza kuzeeka na mduara huo kifuani bila kuugua hata siku moja. Nilikuonyesha kovu la chanjo kwenye mkono wako, ile ya utotoni, nikasema pale palikuwa shule. Zamani tulidhani ni wale wajumbe wadogo tu wenye kumbukumbu. Sasa inajulikana kwamba hata walinzi wakubwa, ambao hakuna aliyewadhania kuwa na akili, wanajifunza kitu: chanjo inafika mpaka kwenye uboho wa mifupa wanakozaliwa, na wale wanaozaliwa baadaye wanatoka huko wakiwa macho zaidi. Nilipenda sana kukuambia hilo. Nilikuwa naona usingizi unakuja usoni mwako kama maji yanavyopanda kwenye mchanga.

Yote hayo ni kweli. Sikukudanganya hata sehemu moja.

Baadaye watu wa kituo cha afya walikuja kutupima sisi tuliokaa na mgonjwa. Sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono, kisha kungoja. Wako ulivimba, wangu ukavimba zaidi. Wa Kambo, aliyemlisha mgonjwa kwa kijiko mchana kutwa, haukufanya kitu. Ngozi yake ilibaki laini kama hajawahi kukutana na ugonjwa huo duniani.

"Munaona?" akasema, akiuzungusha mkono wake mbele ya kila jirani. "Miye nilifunga madirisha!"

Sikubishana naye. Kipimo hicho wakati mwingine hunyamaza kwa wazee. Lakini pia wapo watu ambao walinzi wao humaliza kazi mlangoni kabisa, kabla wajumbe hawajaitwa, na bado hatujui vizuri wanafanyaje. Huenda Kambo ni mmoja wao. Ukimtazama anavyowapokea wageni asiowataka, si vigumu kuamini.

Mimi na wewe, basi, mwizi alikuwa ameingia na walinzi wamemzunguka. Hatukuwa wagonjwa. Dawa ya kumwua akiwa usingizini wakati ule ilitolewa kwa watoto wadogo tu, wewe ulikuwa umepita umri. Tukaambiwa tuishi, na tukianza kukohoa tuje. Wewe ulifurahi! Ulikwenda shuleni ukainua mkono wenye uvimbe, ukawaambia wenzako kwamba ndani yako mna ukuta.

Baba yako alimeza dawa zake mpaka mwisho. Nilipima tena makohozi yake, kioo cha hadubini kikawa buluu tupu, nikalia pale pale kwenye stuli. Hakuwa na uwezo tena wa kumwambukiza mtu yeyote. Lakini kikombe kilibaki juu ya kabati na uzi wake. Hakuna aliyeamua kibaki. Kambo alizoea, mimi niliona ni jambo dogo, nikasema moyoni nitakifungua kesho. Kila asubuhi baba yako alikishusha mwenyewe, akanywa chai yake, akakiosha mwenyewe, akakirudisha. Asubuhi moja hakukirudisha. Alikitia mkobani, akatuaga, akarudi Kambove. Nilipomfuata mpaka barabarani aliniambia, "Mwamini, nimepona kila mahali isipokuwa hapa kwenu."

Nimekaa na maneno hayo miaka hii yote. Nilijua mambo ya ndani ya seli, nilijua chuma na tindikali na shaba, na kufungua uzi wa kikombe kulinishinda.

Sasa mezani, juma lililopita. Kambo alikuwa amepika bukari ya unga wa mahindi na samaki mkavu, nawe ulikula haraka haraka kama mtu mwenye neno.

"Mama, sitakudanganya," ukasema. "Asubui nitamusaidia Papa na meza yake ya kuuzisha unité za telefone. Kisha nitashuka mu shimo na bengine. Ya kukaa hapa tu, nangojea université yenye haikuje, hapana. Mi niko mwanaume."

"Mwanaume mwenye anaogopaka panya," Kambo akasema.

"Kambo, panya iko kintu ingine."

Sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na baba yako kwa simu, nikamwomba akukataze. Nilisikia hewa ikipanda na kushuka ndani yake kama mtu anayepanda ngazi. Akasema, "Nitamukataza na kinywa gani? Miye mwenyewe nilishuka. Nikimwambia usishuke, ataniona nasema na wivu." Basi nilijua kwamba Kambove hakuna wa kukushika. Nikakuambia lile nililokuwa nimelipanga: kwamba sasa dawa ya kinga iko kwenye kituo, ya watu wazima pia, inamezwa mara moja kwa juma na baada ya miezi michache imekwisha, kwamba uimeze kabla hujasogelea shimo lolote.

Ukaweka tonge chini.

"Na weye ulimezaka?"

"Nini?"

"Ile dawa. Mukono yako ilivimbaka kupita yangu. Ulimeza?"

Kambo akaacha kutafuna. Nikatazama sahani.

"Unaona," ukasema, bila ubaya, karibu kwa upole. "Weye njo ulinifundisha kama niko na balinzi. Weye mwenyewe unabaamini. Na miye nabaamini vile vile."

Ndilo neno lililonifanya ninyamaze. Nilikutazama ukinawa mikono, mabega yako yamekuwa mapana kama ya baba yako, na nikaona kwamba ile hadithi niliyokutungia ili upate usingizi imekua pamoja nawe. Imekuwa sababu ya kushuka shimoni.

Kwa hiyo nikumalizie. Niliiacha kwenye mduara na shaba kwa sababu baba yako alikuwa amelala karibu nasi, na sehemu iliyobaki ilikuwa yeye.

Mchimbaji anapopasua mwamba kwa nyundo na nondo, shaba haipandi hewani peke yake. Jiwe lenyewe linapanda, limesagwa laini kiasi cha kutoonekana ila kwenye mwale wa tochi, linapozunguka polepole na kumetameta. Baba yako aliwahi kuniambia kwamba kule chini, tochi zote zikiwaka, ni kama kukaa ndani ya anga la nyota. Nyota hizo unazivuta. Zinashuka mpaka kwenye vile vifuko vya hewa, na mlinzi, ambaye hajui kuchagua, anameza. Anamwaga tindikali yake: jiwe halijali. Analinyima chuma: jiwe halina njaa. Analivutia shaba: jiwe limelala na shaba tangu dunia iumbwe. Lina kingo kali. Linapasua kile kifuko cha tumboni mwake, tindikali inammwagikia mlinzi mwenyewe, anakufa. Jiwe linabaki pale pale, safi, likingoja mlinzi mwingine aje alimeze. Kijidudu kinaweza kushindwa kwa sababu kinaishi. Jiwe haliishi.

Na walinzi wanaosalimika, wenye vumbi kidogo tu tumboni, hawawi tena wale niliokusimulia. Wajumbe wananong'ona, nao hawasikii vizuri. Bega linaachana na bega. Na katikati ya mduara, yule aliyelala anageuka upande.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baba yako. Kifua kikuu tulikitoa. Vumbi halina dawa, ndilo linalokata sentensi zake mpaka leo. Wachimbaji wenzake walimwambia anywe maziwa, kwamba yanaosha kifua, na alikunywa kila alipopanda kutoka chini, hata siku ambayo pesa ilitosha maziwa au mkate, kimoja tu. Maziwa hushuka tumboni, mwanangu, hayaijui njia ya mapafu. Nimeona kopo la maziwa ya unga ambalo Kambo amelificha katikati ya mashati yako. Nimeliacha. Ni matamu kwenye chai.

Kwa mchimbaji mwingine shimo ni hatari moja. Kwako ni mbili, kwa sababu wewe unashuka na mtu ndani yako anayesubiri walinzi wachoke. Hilo tu ndilo nililotaka lijulikane kati yetu. Ukishuka, ushuke ukijua hadithi nzima.

Lakini hilo bado halikuwa jibu la swali lako. Uliniuliza kama nilimeza, na ukweli ni kwamba sikumeza. Tangu dawa ije kwa watu wazima nimewaeleza mamia ya wengine pale kwenye dirisha la maabara jinsi ya kuimeza. Muuguzi wa chumba cha dawa, Mama Ngalula, kila mara ananiuliza, "Na weye Mama labo?" nami kila mara namjibu kesho. Baada ya maneno yako nilikwenda kuosha vyombo, na mikono ikiwa kwenye maji nikajiuliza kwa nini, kwa uzito, kama ninavyojiuliza mambo ya kazi.

Sababu ya kwanza niliyoiona ni kiburi. Ninawajua walinzi wangu kwa majina yao yote ya Kifaransa. Niliona ni dharau kuwaletea msaada ambao hawakuomba.

Chini ya hiyo kulikuwa na nyingine, na nimehitaji siku nzima kuthubutu kuiandika. Mara nyingi, mchana, nikiwa nimefumba macho kati ya kioo kimoja na kingine, huwa naona ule mduara wangu. Nauweka upande wa kulia, juu, mdogo kama punje ya mchele. Walinzi wameketi, hawasemi. Naingia kati yao, wananipisha, mpaka pale katikati penye giza la vuguvugu. Na yule aliyelala pale alitoka wapi? Alitoka katika pumzi ya Ramazani. Ni hewa ya kifua chake, ya Juni ule, madirisha yamefungwa. Kila kitu chake kingine kiliondoka na ule mkoba. Nilikuwa nimekigeuza kijidudu kuwa kumbukumbu, Amisi. Nilimtunza ndani ya mduara kama watu wanavyotunza shati lisilofuliwa, na kukiua niliona ni kumfukuza kwa mara ya pili.

Ukisoma hapa utasema mama yako ana wazimu. Lakini nadhani nawe una kitu kinachofanana nacho. Ulilala kwenye mkeka ule kwa hiari yako. Labda unapojivunia ukuta wako unajivunia ulichokipata kwake, na unakwenda Kambove kutafuta kilichobaki. Mimi sikukatazi kumpenda. Ila nilipoliona jambo hilo waziwazi, mikono ikiwa bado kwenye maji, niliona pia kwamba yeye yuko hai. Ana meza yake ya vocha, ana mwavuli, ana simu. Kama nina neno naye, barabara ya Kambove inapitika. Hakuna haja ya kuzungumza na kijidudu chake.

Alhamisi nilitoka maabara, nikavuka ua, nikaingia chumba cha dawa. Mama Ngalula alikuwa anakula karanga.

"Mama labo! Unafwata nini, registre?"

"Dawa."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama juu ya miwani. "Ah! Mi nilisema utangojea mpaka siku ya ufufuo. Kaa hapa, umeze mbele yangu. Beye ba labo nabajuaka, nikikupatia uende nayo utaitia chini ya microscope."

Vidonge vilijaa kiganja. Nilivimeza kimoja kimoja kwa maji ya chupa yake, naye alihesabu kwa sauti kama anayefundisha mtoto. Nilimwuliza kama kituo cha Kambove kinazo. Kinazo. Sikuchukua za kwako, na mkobani hutazikuta. Wewe si mtoto wa kufichiwa dawa kwenye mashati.

Jana asubuhi nilikwenda chooni, na mkojo wangu ulikuwa wa rangi ya machungwa, mkali, kama soda. Wagonjwa wote huwa nawaonya kwamba dawa hii hugeuza mkojo hivyo, wasiogope, na mimi mwenyewe niliruka. Kisha nikaanza kucheka peke yangu, nikashindwa kunyamaza, mpaka Kambo akagonga mlango.

"Mwamini! Unacheka na nani mule ndani?"

Wewe ulikuwa bado umelala. Nilitaka kukuamsha nikuonyeshe, nikaona haya. Ndiyo maana nakuandikia.

Uliniuliza kama nilimeza. Nimemeza.

Mama yako,
Mwamini